Amana ya Anna: Gazeti la Wajerumani wa New York na Mwanamke Aliyelikuza

Desemba 24, 1834, mkesha wa Krismasi, lilitoka jijini New York toleo la kwanza la gazeti la Kijerumani lililopewa jina la New Yorker Staats-Zeitung. Lilikuwa gazeti la mara moja kwa wiki, mhariri wake Gustav Adolph Neumann, na wasomaji wake walikuwa mafundi, wachuuzi na vibarua waliovuka Bahari ya Atlantiki kwa merikebu. Magazeti ya namna hiyo yalizuka mengi Marekani, na mengi yakafa kabla ya kuota meno. Hili liliishi. Lilipita mikononi mwa vizazi kadhaa vya wenyewe, likahimili vita viwili vya dunia ambavyo nchi ya wasomaji wake ilipigana na nchi ya asili ya lugha yake, na likaendelea kuchapwa hadi karne ya 21.

Makala haya yanalikumbuka gazeti hilo, na katika kulikumbuka yanamtanguliza mtu mmoja: Anna, binti wa Würzburg katika Bavaria. Alihamia Marekani akiwa kijana, akapanga herufi kwa mikono yake, akaachiwa gazeti akiwa mjane mwenye watoto sita, na alipotakiwa aliuze akakataa. Alilishika kama amana ya watu waliolisoma, na sehemu kubwa ya alichokichuma kwao akawarudishia. Mengi ya kujivunia katika historia ya Staats-Zeitung yanatokana na msimamo huo.

Njia iliyokwisha kufunguliwa

Mwaka 1834 Wajerumani hawakuwa wageni katika uchapaji wa Marekani. Gazeti la kwanza la Kijerumani nchini humo lilitolewa Philadelphia mwaka 1732 na mtu asiye Mjerumani, Benjamin Franklin. Liliitwa Philadelphische Zeitung, na halikudumu. Miaka saba baadaye Christopher Sauer, mhamiaji aliyeishi Germantown, alianzisha la kwake kwa herufi zilizoagizwa kutoka Frankfurt, naye akafaulu. Mwaka 1743 alichapa Biblia ya Kijerumani, ya kwanza katika lugha ya Ulaya kuchapwa kwenye makoloni hayo.

New York nayo ilikuwa na John Peter Zenger. Aliletwa akiwa mtoto mwaka 1710, pamoja na wakimbizi wa Kijerumani kutoka eneo la Palatinate, akafundishwa uchapaji. Gazeti lake lilipomkosoa gavana wa koloni, William Cosby, Zenger alitiwa gerezani Novemba 1734, akakaa huko hadi Agosti 1735, ambapo baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia. Kesi hiyo husomwa hadi leo kama nguzo ya uhuru wa magazeti Marekani. Kwa muda wote aliokuwa kifungoni, gazeti liliendelea kutoka kwa juhudi za mkewe, Anna Catharina. Kwa hiyo miaka mia moja kabla ya Anna wa Würzburg, jiji hilohilo lilikuwa limeshaona gazeti likiokolewa na mke wa mchapaji.

Mchapaji na mkewe

Anna Behr alizaliwa mwaka 1815. Alifika New York katika nusu ya pili ya miaka ya 1830, na huko akaolewa na Jakob Uhl, mchapaji, Mjerumani mwenzake. Mwaka 1844 wawili hao walinunua matbaa ndogo, na mwaka uliofuata wakalinunua gazeti lenyewe. Hapakuwa na mgawanyo wa kusema kazi hii ya mume na hii ya mke. Anna alipanga herufi, aliandika barua, alishika vitabu vya hesabu, na pale wafanyakazi walipopungua aliziba pengo kokote lilikotokea.

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu, maana ndiyo iliyomfunza gazeti. Kabla ya mashine za kupanga chapa, kila neno katika ukurasa lilijengwa kwa mkono. Mpangaji alisimama mbele ya trei pana ya mbao, iliyoinamishwa kidogo na kugawanywa vijumba vingi, kila herufi na kijumba chake. Mkono wa kushoto ulishika kibao cha chuma cha kupangia, wa kulia uliokota herufi za risasi moja baada ya nyingine na kuzipanga mstari kwa mstari, zikiwa zimegeuzwa, ili zikigusa karatasi zisomeke sawasawa. Kijerumani cha enzi hizo kilichapwa kwa maandishi yaitwayo Fraktur, yenye pembe kali na mikia, na ndani yake herufi s ndefu na herufi f hutofautiana kwa kijistari kidogo cha pembeni. Kosa dogo la jicho hubadili neno. Ukurasa ukishachapwa, kila herufi ilisafishwa na kurudishwa kijumbani kwake, maana kesho zilihitajika zilezile. Aliyepitia kazi hiyo alijua gharama ya kila safu, na alijua pia ni habari gani inastahili jasho la mpangaji.

Wakati huo wasomaji walikuwa wakiongezeka kwa kasi. Mavuno yaliyoharibika, uhaba wa ardhi na mapinduzi yaliyozimwa ya mwaka 1848 viliwasukuma watu kuelekea bandari za Bremen na Hamburg. Katika miaka ya 1850 karibu Wajerumani milioni moja waliingia Marekani, na mwaka 1854 peke yake walipita laki mbili. Wengi walishukia New York. Gazeti lililoanza kwa kutoka mara moja kwa wiki likaongeza siku, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1850 lilikuwa la kila siku.

Mjane aliyekataa kuuza

Mwaka 1852 Jakob Uhl alifariki dunia. Anna alikuwa na umri wa miaka 37, watoto sita, na gazeti la kila siku linalodai karatasi, wino na mishahara bila kungoja eda iishe. Watu walimjia wakitaka kulinunua. Kwa mawazo ya wakati ule shauri hilo lilionekana la huruma: mama apokee fedha, apumzike, alee wanawe. Anna alilikataa, akaketi mwenyewe kwenye kiti cha meneja.

Uzito wa uamuzi huo unaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka sheria za wakati huo. Hadi miaka minne tu nyuma, mwanamke aliyeolewa katika jimbo la New York alipoteza kwa mumewe usimamizi wa mali yake. Sheria ya mwaka 1848 ndiyo iliyoanza kumruhusu mke abaki na mali aliyoingia nayo katika ndoa. Hakuna mwanamke wa jimbo hilo aliyeruhusiwa kupiga kura, na hali hiyo ingeendelea hadi 1917. Katika nchi ya namna hiyo, mama mhamiaji aliongoza gazeti la siasa katika jiji kubwa kuliko yote Marekani, kwa miaka saba, akiwa peke yake kileleni. Alipomkabidhi mwenzake sehemu ya mzigo, gazeti lilikuwa imara kuliko alivyoachiwa.

Mwenzake huyo alikuwa Oswald Ottendorfer. Alizaliwa mwaka 1826 Zwittau, mji wa Moravia uliokuwa chini ya milki ya Austria, leo unaitwa Svitavy na uko Jamhuri ya Cheki. Akiwa mwanafunzi wa sheria aliingia katika mapinduzi ya 1848 jijini Vienna, na harakati hizo ziliposhindwa akawa mtu wa kutafutwa. Alifika New York mwaka 1850, na mwaka uliofuata akapata kazi katika ofisi ya hesabu ya Staats-Zeitung. Kipaji chake cha uandishi kilijitokeza, na mwaka 1858 akawa mhariri. Mwaka 1859 yeye na Anna walifunga ndoa. Tangu hapo Oswald alishika kalamu na siasa, Anna akabaki na usimamizi wa biashara, na ushirikiano wao ukadumu miaka 25.

Kazi ya gazeti mtaani

Wasomaji waliishi hasa upande wa mashariki wa Manhattan ya kusini, kuzunguka uwanja wa Tompkins Square. Wenyewe waliuita mtaa huo Kleindeutschland, yaani Ujerumani Ndogo. Katikati ya karne ya 19 ilisemwa kwamba ni Berlin na Vienna pekee zilizoishinda New York kwa idadi ya wasemaji wa Kijerumani. Palikuwa na makanisa na masinagogi, vyama vya kuimba, vyama vya mazoezi ya viungo, vikoba vya kuzikana, viwanda vya bia, maduka ya vitabu na majumba ya michezo ya kuigiza, vyote vikiendeshwa kwa Kijerumani.

Staats-Zeitung ndilo lililoviunganisha vyote hivyo. Mwenye chumba cha kupangisha alitangaza humo, na fundi cherehani asiye na kazi akatafuta humo mwajiri. Aliyepotezana na ndugu bandarini aliweka tangazo la kumuulizia. Habari za kijiji cha Bavaria au Württemberg zilizoletwa na meli zilichapwa kando ya habari za baraza la madiwani wa New York. Zilikuwapo riwaya za mfululizo zilizomfanya msomaji ahesabu siku hadi toleo lijalo. Na kwa namna ya pekee yalikuwapo mafunzo ya uraia. Sheria ilimtaka mhamiaji akae nchini miaka mitano na kutoa tamko la nia yake kabla ya kuapishwa, na bila mtu wa kumweleza kwa lugha yake, haki hiyo ilibaki mbali naye. Gazeti lilimweleza msomaji wake nchi mpya inaendeshwaje, nani anagombea nini, na kura yake ina thamani gani.

Kazi hiyo ilifanywa katikati ya uhasama. Miaka ya 1850 ilikuwa miaka ya chama cha Know Nothing, kilichojijenga kwa kuwachukia wahamiaji na Wakatoliki na kutaka muda wa kungoja uraia urefushwe mno. Baadhi ya wanasiasa walitaka burudani za Jumapili zifungwe, hata zile za familia kukaa bustanini pamoja na watoto, kusikiliza muziki na kunywa bia. Kwa Wajerumani shambulio hilo lilielekezwa kwenye maisha yao ya siku moja tu ya mapumziko katika wiki. Staats-Zeitung liliwapa sauti ya kujibu, na liliwafundisha kujibu kwa kura.

Siasa bila kuuza kalamu

Tangu mwanzo gazeti lilielemea chama cha Democratic. Mwaka 1860 lilimuunga mkono Stephen Douglas dhidi ya Abraham Lincoln, lakini Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipoanza lilisimama upande wa Muungano. Maelfu ya vijana wa wasomaji wake walivaa sare za jeshi la kaskazini.

Mtihani mkubwa zaidi wa kalamu ya Oswald ulitoka ndani ya chama chenyewe. William Tweed, kigogo wa Tammany Hall, mtandao wa Democratic jijini humo, aliitawala New York kwa vyeo na hongo, na kundi lake liliiba fedha za umma kwa mamilioni. Njia rahisi kwa gazeti la chama ingekuwa kunyamaza. Mwaka 1871 wananchi walipounda Kamati ya Sabini ili kuupiga vita wizi huo, Oswald alikuwamo, na gazeti lake likaungana na wanaodai hesabu. Alikuwa diwani kuanzia 1872, na mwaka 1874 aligombea umeya akiungwa mkono na wapenda mageuzi. Alishindwa na William Wickham, mgombea wa Tammany. Kushindwa huko hakukulipunguzia gazeti heshima, kwa sababu wasomaji walikuwa wameona halinunuliki.

Mwaka 1873 Staats-Zeitung lilihamia jengo lake jipya katika barabara ya Tryon Row, likitazamana na bustani ya ofisi za jiji, eneo lililojaa makao ya magazeti makubwa ya Kiingereza. Mbele ya jengo zilisimama sanamu mbili zilizochongwa na Ernst Plassmann, mhamiaji wa Kijerumani: ya Gutenberg, baba wa uchapaji wa Ulaya, na ya Benjamin Franklin, mchapaji wa Philadelphia. Kwa mpita njia ujumbe ulikuwa wazi. Gazeti hili lilikuwa na mizizi miwili na halikuionea aibu hata mmoja. Katika miongo iliyofuata lilihesabiwa miongoni mwa magazeti makubwa ya kila siku ya jiji zima, la lugha yoyote.

Ukubwa huo haukuwasahaulisha wenye gazeti watu wa ndani. Biashara ilipofanywa kampuni ya hisa mwaka 1879, ni Anna aliyetaka wafanyakazi nao wapate gawio la asilimia 10 ya mshahara wao wa mwaka. Alikuwa amesimama miaka mingi mbele ya trei ya herufi, naye alijua faida inatoka mikononi mwa nani.

Wakfu

Miaka kumi ya mwisho ya maisha yake Anna aliitumia kugeuza mapato ya gazeti kuwa wakfu. Mwaka 1875 alianzisha huko Astoria, ng'ambo ya East River, nyumba ya kutunza akina mama wazee wasio na uwezo, akaiita Isabella kwa kumbukumbu ya bintiye aliyetangulia mbele ya haki. Mwanawe Hermann alipofariki mwaka 1881, alianzisha kwa jina lake mfuko wa kusaidia elimu ya Wajerumani wa Marekani, pamoja na mafunzo ya walimu. Mwaka 1882 alitoa fedha za kujenga jengo la wanawake katika hospitali ya Wajerumani ya New York. Mwaka 1883 Malkia Augusta wa Ujerumani alimtunukia nishani.

Kazi yake kubwa kuliko zote imesimama hadi leo katika barabara ya Second Avenue, namba 135 na 137, katika kiini cha iliyokuwa Kleindeutschland. Ni majengo mawili pacha ya matofali mekundu yaliyonakshiwa kwa udongo wa kuchoma, yaliyosanifiwa na William Schickel, mhamiaji mwingine kutoka Ujerumani. Moja lilikuwa zahanati ya kuwatibu maskini, na lingine maktaba. Kwenye uso wa zahanati zimechongwa sura za mabingwa wa tiba na sayansi: Hippocrates wa Ugiriki, Galen, Celsus wa Roma, Harvey aliyeeleza mzunguko wa damu, Linnaeus, Humboldt, Lavoisier na Hufeland. Mgonjwa asiye na senti aliingia kwa kupita chini ya macho ya wanazuoni hao, kwa mlango wenye hadhi ya mlango wa tajiri. Maktaba imepambwa kwa bundi, vitabu na matufe ya dunia, na juu ya mlango wake maandishi ya Kijerumani yanatangaza kwamba hapa ni maktaba ya bure na ukumbi wa kusomea.

Neno hilo, bure, lilikuwa na uzito New York ya wakati ule. Maktaba nyingi ziliwahudumia wanachama waliolipa ada. Jengo hili linatambuliwa kuwa la kwanza jijini kujengwa mahususi kwa maktaba iliyo huru kwa umma. Oswald alichagua vitabu yeye mwenyewe, vipatavyo 8,000, nusu ya Kijerumani na nusu ya Kiingereza. Mgawanyo huo ni falsafa nzima ya Staats-Zeitung ikiwa imepangwa kwenye rafu. Mzee aliyetoka kazini jioni alipata kitabu cha lugha aliyolelewa nayo, na mwanawe aliyesoma shule ya Marekani alipata cha lugha ya maisha yake yajayo, nao wakakaa kwenye ukumbi mmoja.

Anna hakuiona siku ya ufunguzi. Alifariki Aprili 1, 1884, na milango ikafunguliwa Desemba mwaka huohuo. Mazishi yake yalijaza watu barabarani, na mzungumzaji alikuwa Carl Schurz, mwanamapinduzi mwingine wa 1848, aliyekuwa seneta wa Missouri na Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi katika serikali ya Marekani. Katika wosia wake Anna aliwaachia wafanyakazi wa gazeti dola 25,000 wagawane.

Oswald alimfuata Desemba 1900. Kabla ya hapo aliuendeleza wakfu wa mkewe. Nyumba ya Isabella ilihamishiwa Manhattan ya kaskazini mwaka 1889, kwenye jengo kubwa zaidi, na huduma kwa wazee zimeendelea mtaani humo chini ya jina hilohilo. Hakuusahau pia mji alikozaliwa: aliujengea hospitali, makao ya yatima na maktaba.

Roho hiyo ilirithiwa pia. Mjukuu wa Anna, Carola Woerishoffer, aliyezaliwa mwaka 1885, alikulia katika utajiri lakini akaingia kufanya kazi katika madobi ya New York ili aone mwenyewe hali za wanawake wa humo. Wasichana washona nguo walipogoma kuanzia 1909 na kukamatwa na polisi, aliiweka nyumba yake rehani kuwadhamini. Aliajiriwa na jimbo kukagua kambi za wafanyakazi wahamiaji, na mwaka 1911, akiwa safarini katika kazi hiyo, alikufa katika ajali ya gari, akiwa na miaka 26.

Miaka ya dhiki

Karne ya 20 ilikuja na misiba. Juni 15, 1904, meli General Slocum iliwaka moto katika East River ikiwa imebeba familia za kanisa la Kilutheri la St. Mark's, la Kleindeutschland, zikienda matembezini. Walikufa zaidi ya watu 1,000, wengi wao akina mama na watoto. Familia zilizobaki hazikustahimili kuishi tena katika mitaa ileile, na uhamaji uliokwisha kuanza kuelekea Yorkville, kaskazini zaidi, ukaharakishwa na majonzi. Miaka michache baadaye jengo la Tryon Row likabomolewa kupisha jumba jipya la ofisi za manispaa.

Uongozi wa gazeti ulikuwa umepita kwa Hermann Ridder, mzaliwa wa New York, mwana wa wazazi wa Kijerumani, aliyejiunga na kampuni mwaka 1890 na kuwa rais wake mwaka 1907. Alifariki Novemba 1915, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, akawaachia wanawe Bernard, Victor na Joseph mzigo mzito kuliko aliobeba yeye.

Aprili 1917 Marekani iliingia vitani dhidi ya Ujerumani, na lugha ya gazeti ikawa lugha ya adui. Shule zilifuta masomo ya Kijerumani, na katika miji kadhaa vitabu vyake vilichomwa moto hadharani. Mwaka 1918 gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha zote za kigeni hadharani, hata kwenye simu na makanisani. Hospitali ya Wajerumani iliyosaidiwa na Anna ikabadilishwa jina kuwa Lenox Hill. Sheria ya Oktoba 1917 iliyataka magazeti ya lugha za kigeni yapeleke kwa mkuu wa posta tafsiri iliyoapiwa ya kila habari inayohusu serikali au vita, isipokuwa yaliyopewa kibali. Mwishoni mwa karne ya 19 Marekani ilikuwa na machapisho ya Kijerumani yanayokaribia 800. Vita vilipokwisha, zaidi ya nusu hayakuwapo.

Staats-Zeitung lilibaki, na baadaye likaunganishwa na mshindani wake, New Yorker Herold. Mwaka 1933 likakutana na jaribio la aina nyingine. Heinz Spanknöbel, wakala wa Wanazi, aliingia katika ofisi zake akiwataka ndugu wa Ridder wachapishe habari za kuupendelea utawala wa Hitler. Victor Ridder alimfukuza ofisini. Gazeti lililoanza kwa kumfundisha mhamiaji thamani ya kura lisingeweza, bila kujikana, kuwa tarumbeta ya watu waliofuta kura.

Familia ya Ridder ilikuwa imeanza kununua magazeti ya Kiingereza tangu miaka ya 1920. Mwaka 1974 kampuni yao iliungana na ya Knight, na Knight Ridder ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za magazeti Marekani hadi ilipouzwa mwaka 2006. Chemchemi ya ufalme huo ilikuwa ofisi ya gazeti la Kijerumani. Staats-Zeitung lenyewe waliliuza mwaka 1953, na kadiri wajukuu wa wahamiaji walivyozidi kusoma Kiingereza, lilirudi kuwa la wiki, kama lilivyozaliwa, na hatimaye makao yake yakahamia Florida.

Jina la kutangulizwa

Yapo magazeti yaliyouza nakala nyingi kuliko Staats-Zeitung ambayo leo hayana hata tofali la kuonyesha. Hili, lililoandikwa kwa lugha ya wachache, lina maktaba. Tangu 1901 jengo la Second Avenue limekuwa tawi la Maktaba ya Umma ya New York kwa jina la Ottendorfer, nalo ni kongwe kuliko matawi yote yanayotumika. Wajerumani waliondoka mtaani, wakaja Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, wakaja Waukraine, Wapuertoriko na wengine, na kila kundi lilipita chini ya maandishi yaleyale ya Kijerumani kuazima vitabu bila kulipa.

Oswald alikuwa na sifa zake, na sahihi yake inaonekana kote katika miaka ya utukufu wa gazeti. Akina Ridder nao walilivusha katika dhoruba ambazo Anna hakuzijua. Lakini kabla yao wote palikuwa na mwaka 1852, na wanunuzi waliofika na fedha mkononi. Lau mjane angesema ndiyo, gazeti lingeingia katika mkumbo wa mamia ya vichwa vya magazeti ya Kijerumani vilivyouzwa, vikaunganishwa na kusahaulika, na Oswald angebaki karani wa hesabu wa watu wengine. Alisema hapana, kisha akatumia miaka 32 kuwathibitishia wasomaji na wafanyakazi kwamba hapana ile ilikuwa kwa faida yao. Historia ya New Yorker Staats-Zeitung ikisimuliwa kwa haki, jina la Anna Ottendorfer litangulie, kwa kuwa ndiye aliyelifanya gazeti lake kuwa mali ya watu hata wale ambao hawakuwahi kuisoma lugha yake.